Hatua Kumi na Nne

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kubeba maneno hatua kumi na nne. Kutoka mlango wa nyumba ya susu hadi jiwe lililokuwa karibu na ghala la mtama, hatua kumi na nne za miguu yangu ya miaka tisa. Mlangoni alikaa susu, mama mzazi wa mama yangu. Kwenye jiwe alikaa baba yangu, kila Jumamosi, akija kutuona kwa baiskeli kutoka Mutomo. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, kwa masikio yake mwenyewe, lakini hawakusemeshana. Aliyesema nilikuwa mimi.

Sisi Wakamba jambo hilo tunaliita nthoni. Ni haya, na ni heshima, na ni zaidi ya hayo mawili. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Haingii ndani ya nyumba yake, hali mbele yake, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani kama anayetafuta mbuzi aliyepotea, mpaka mwenzake apite. Nasikia vijana wanacheka siku hizi. Wacheke. Hao wawili walipendana, na kutotazamana ndiko kulikokuwa kupendana kwenyewe.

"Mwambie baba yako baiskeli yake inalia kama punda mwenye kiu," susu angesema.

Ningetembea hatua zangu. "Baba, susu anasema—"

"Mwambie susu yako nimesikia. Mwambie baiskeli imezeeka, na mwenyewe anaifuata."

Ningerudi, na kumkuta susu tayari amefunika mdomo kwa leso akicheka. Siku moja nilichoka nikasimama katikati ya uwanja, nikawa nageuza shingo tu, huku na huku. Susu aliniita akanifinya sikio. Akaniambia neno la mkwe halirushwi kama jiwe la manati. Linabebwa kama maji kichwani, na linafika lote, bila kumwagika. Hilo la kumwagika nimelikumbuka maisha yangu yote.

Mimi nilikuwa binti wa pili kwetu, kwa hiyo nilipewa jina lake, Ndinda. Na kwa kuwa baba hakuweza kutamka jina la mama mkwe wake, hakuweza kutamka langu pia. Aliniita Kanini, yaani mdogo. Nilizoea. Watoto wengine waliitwa na baba zao kwa majina, mimi niliitwa kwa kimo changu.

Baba alifanya kazi katika hospitali ya misheni. Hakuwa daktari wala dresa. Alikuwa anasukuma machela, anafagia wodi, anashika mgonjwa anaposhonwa. Lakini miaka mingi ya kusukuma machela ilikuwa imempa macho. Mama alituambia kwamba baba alikuwa akimpokea mgonjwa getini na kabla hajafika kwa daktari ameshajua ni wodi gani anampeleka. Swali lake la kwanza kwa waliomleta halikuwa jina wala kijiji. Aliuliza mkojo wake una rangi gani. Watu walimtania kwa hilo hata sokoni.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa Mutomo na mtoto mchanga wa wiki moja, hatoki nje. Mimi nilikuwa kwa susu, nikimchotea maji kwenye visima vya mchanga mtoni na kumpasha joto mgongo usiku.

Kwanza alianza kushika ubavu. Kulikuwa na posa kwa jirani, mbuzi watatu wakachinjwa, na susu kama kawaida yake aliwekewa ini mbele atoe nyongo. Hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo. Alikuwa akikata kwa ncha ya kisu na kuibeba nyongo kwa vidole viwili kama yai la ndege, hata tone lisidondoke. Alikula nyama ya mafuta, akafurahi. Jioni yake akajikunja. Maumivu yalikuwa upande wa kulia, chini ya mbavu, yakipenya hadi bega la nyuma. Alisema ni tumbo la uroho. Yakapita. Siku chache baadaye yakarudi bila nyama. Akaanza kujikuna, mikono, nyayo, mgongo. Alinipa gunzi la mahindi nimkune nalo, nikakuna mpaka mkono ukachoka, na bado akasema, "Hapo, mwanangu, palepale."

Halafu Alhamisi, saa nane mchana, jua la mwezi wa kumi likiwa kichwani, susu akaanza kutetemeka. Nimeona baridi ya Julai ikitetemesha watu. Hii haikuwa hiyo. Meno yaligongana nikayasikia kutoka jikoni. Kitanda kilicheza. Nilimfunika blanketi mbili na gunia, na bado alitetemeka, mwili wenyewe ukiwaka kama kaango.

Nilimkimbilia Mbeti.

Mbeti alikuwa jirani yetu na mwenye ngoma ya kilumi. Asiyejua kilumi nimweleze kwa ufupi. Zipo roho za wazee wa zamani, tunaziita aimu. Zikimtaka mtu, humtikisa. Akitikisika hivyo, wanawake huleta ngoma ndefu, humpigia na kumchezea mpaka roho iseme inataka nini, pengine leso nyekundu, pengine pombe ya asali imwagwe chini. Ikipewa, inamwacha. Nimeona kwa macho yangu wanawake waliolala wiki nzima wakiinuka kwa ngoma ya Mbeti, na siwezi kusimama hapa leo niseme nilikuwa naota.

Mbeti alimtazama susu kwa muda mrefu. Akamgeuza uso kuelekea dirishani. Akaniambia, kwa sauti ya chini kama anayeona nyoka na hataki kumshtua, "Ndinda, unaona macho yake? Haya si yake. Kuna mtu mwingine anachungulia."

Nikaangalia, mara moja. Weupe wa macho ya susu haukuwa weupe tena. Ulikuwa rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Tangu saa hiyo sikumtazama tena usoni. Niliogopa huyo anayechungulia asije akaniona na mimi.

Jumamosi baba akaja. Homa ilikuwa imeshuka kidogo na susu alijikokota mlangoni, akakaa na leso mpaka puani. Kabla baba hajafika kwenye jiwe, alinishika mkono. Nilikuwa nimemwaga kopo lake asubuhi hiyo na nikamwambia, kwa mshangao wa mtoto, kwamba mkojo wake umekuwa mweusi. Sasa akanikumbusha.

"Ya chooni ni ya chooni," akasema. "Usimpelekee mkwe wangu mkojo wangu. Utanivua nguo mbele yake."

Nikatembea hatua kumi na nne. Nikasema susu ana homa. Ana baridi. Ubavu unauma.

Baba alikuwa ameshika kofia, akiizungusha, akiizungusha. Akauliza anakula? Nikasema anakula kidogo. Akauliza analala? Nikasema analala. Akafungua mdomo tena, nikaona swali linakuja, nami nikaanza kuogopa kwamba litakuwa lile la getini na nitalazimika kudanganya. Halikuja. Akafunga mdomo, akatoa karatasi yenye vidonge vya malaria.

"Mwambie susu yako anywe viwili leo, viwili kesho. Mwambie asifanye kazi."

Nikabeba hayo. Susu akanywa dawa, akaniambia nimwambie asante. Baba akapanda baiskeli yake inayolia. Nimeirudia Jumamosi hiyo mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Watu watatu wanapendana, kila mmoja ana kipande cha jambo lile mkononi, na kila mmoja anakificha kwa adabu.

Jumatatu mtetemeko ukarudi, ukamtupa chini. Jumanne asubuhi susu aliniita "mama". Nikacheka, nikadhani ananitania kwa sababu ya jina. Akaniuliza, "Mama, ng'ombe wa baba wameshavuka mto?" Hapakuwa na ng'ombe. Baba yake alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Mbeti alikuwa amesimama mlangoni, akasikia, akatikisa kichwa. Sasa roho imeanza kusema, alisema. Akatuma watu wakalete ngoma.

Wanawake walianza kuja, na leso nyekundu. Walikuwa wema. Mmoja alileta uji, mwingine alikuja na kuni bila kuombwa. Nikapewa kopo nikamwage, na safari hii nikalitazama vizuri juani. Sijui ni nini kilinisukuma. Nadhani ni kule kuitwa mama. Kama mimi ndiye mama, basi huyu ni mtoto wangu, na ya chooni ya mtoto hayana aibu. Niliweka kopo chini, nikashika njia ya Mutomo bila kuaga mtu, bila viatu.

Nilifika jua likiwa limepita utosi. Baba alikuwa nyuma ya jiko la hospitali amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa strungi, chai isiyo na maziwa, katika kikombe cha bati. Aliponiona aliinuka nusu.

Nilitaka kusema, neno likakataa. Kulitamka neno lile, kwa baba, kuhusu mama mkwe wake! Nikanyoosha kidole kwenye kikombe chake.

"Ni kama hiyo," nikasema.

Akatazama chai. Akanitazama mimi. "Nini ni kama hiyo?"

"Ya susu. Anapotoka nje."

Alikiweka kikombe chini polepole. "Na macho?"

"Macho si yake. Mbeti anasema ni ya mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine ana macho ya rangi gani, Kanini?"

"Ya yai. Pale katikati."

Alinipakia kwenye keria ya baiskeli. Njia nzima alikanyaga pedeli tu, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa na maneno mengi na sina wa kumpelekea.

Tulizisikia ngoma kabla ya kuuona mti wowote wa kwetu. Uwanja ulikuwa umejaa. Susu alikuwa ndani, mlango wazi, ili sauti imfikie. Baba alitupa baiskeli, akalipita jiwe. Nasema alilipita jiwe, na naona hamjaelewa. Alipita jiwe akaendelea, na wanawake mmoja mmoja wakaacha kuimba, mpaka ikabaki ngoma ya Mbeti peke yake, nayo ikanyamaza.

"Mkwe," Mbeti akasema, "umepotea njia? Mke wako yuko Mutomo."

"Sijapotea, mama. Nimechelewa tu."

Akainama, akaingia katika nyumba ya mama mkwe wake. Nilimfuata nikashika shati lake kwa nyuma. Alipiga magoti kando ya kitanda. Susu hakujua siku wala mwaka, hakunijua mimi. Lakini aliisikia pumzi ya mwanamume pale, na mkono wake ulioshindwa kushika kikombe cha uji ukapapasa, ukaipata leso, ukajifunika uso.

Baba akasema, "Mama, nisamehe. Nakutazama."

Akaiondoa leso. Kwa kidole gumba akavuta chini kope lake, taratibu. Akabonyeza chini ya mbavu za kulia na susu akapiga kelele. Basi. Akainuka, akaomba mkokoteni, na waume wa wale wanawake wa kilumi ndio waliowafunga ng'ombe wao. Mbeti alipanda akakaa na kichwa cha susu mapajani mpaka hospitali.

Susu aliishi siku nne. Alitundikiwa maji, akachomwa sindano, na siku ya pili akili yake ikarudi, ikiwa safi kama asubuhi baada ya mvua. Daktari alieleza, na baba akatufasiria kwa lugha yetu. Kijiwe kidogo, si kikubwa kuliko mbaazi, kilikuwa kimeziba mfereji wa nyongo. Nyongo ikakosa pa kupita, ikaoza ndani, na uozo ukaingia kwenye damu. Angeletwa siku ya mtetemeko wa kwanza, angepasuliwa akapona. Sasa damu ilikuwa imelegea, haigandi, na kisu kingemmaliza. Mimi niliwaza jambo moja tu. Susu, aliyetoa nyongo za mbuzi wote wa kijiji bila kumwaga tone.

Baba ndiye aliyemsukuma kwenye machela. Alikuja wodini kila alipoweza, na hakuketi karibu. Alisimama kwenye mguu wa kitanda, akitazama ukuta. Siku ya tatu jioni susu aliniita.

"Mwambie baba yako," akasema, "nilimwona akiingia. Nilijifunika kwa mazoea tu."

Kutoka kichwa cha kitanda hadi mguuni ni hatua tatu. Nilizitembea zote. Baba akatazama ukuta.

"Mwambie susu yako," akasema, "nilikuwa na swali Jumamosi ile. Nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza."

Nikarudi. Susu akafumba macho. "Mwambie hata angeuliza, ningemdanganya."

Hilo nililibeba lote, halikumwagika. Alikufa kesho yake adhuhuri.

Baada ya mazishi baba alileta mbuzi kwa wajomba zangu, kuomba radhi kwa kuingia pale asipostahili kuingia. Walimpokea, wakamla yule mbuzi, kwa sababu kosa lilikuwa kosa hata kama lilikuwa jema. Mbeti alikuwepo. Alisema neno nililoliona la ukaidi wakati ule, na sasa naona lilikuwa na haki yake. Alisema, "Mimi niliyaona yale macho kabla yenu nyote. Sikumkosea kwa kutazama. Nilimkosea kwa kumpa mgeni jina lisilo lake." Hakuacha ngoma. Lakini tangu hapo mtu akiletewa kilumi, Mbeti alimtoa kwanza juani, akamvuta kope, akauliza habari za kopo. Wawili au watatu aliwarudisha njiani, waende Mutomo kabla ngoma haijapigwa.

Na jioni ile ya mbuzi, wageni wakiondoka, baba aliniita kutoka kwenye jiwe. "Ndinda," akaita. Niligeuka kuangalia ni nani anaitwa. Hapakuwa na mwingine. Jina lilikuwa limebaki kwangu peke yangu.

Mwaka jana, baada ya mvua za mwezi wa nne, mimi mwenyewe nilishikwa. Naishi na mjukuu wangu Mwende, aliyekuwa amerudi kwa likizo ya shule. Baba yake, mkwe wangu, ana duka la vipuri Emali, na nthoni yetu ya siku hizi inapitia simu. Yeye hupiga, Mwende huweka sauti kubwa, nami huongea na Mwende. Ubavu wa kulia ulianza, nikakumbuka. Mkuno ukaja. Kisha, mchana wa jua, meno yangu yakagongana, na hata kabla hayajatulia nilimwambia Mwende apige simu.

"Mwambie baba yako natetemeka na ubavu unauma. Niangalie macho. Ni ya njano?"

Akaangalia. "Kidogo, susu. Kama chai ya maziwa."

"Mwambie. Na umwambie mkojo wangu ni kama strungi."

"Susu! Aki hiyo siwezi. Ni baba."

"Mwambie."

Alikuwa anacheka na kutaka kulia kwa pamoja. Akasema, haraka, uso ameugeuzia ukutani. Upande wa pili nikasikia pikipiki ikipita huko Emali. Kisha sauti ya mkwe wangu, ya heshima, ikasema, "Mwambie susu avae. Nakuja na gari sasa hivi." Hakungoja Jumamosi. Kule hospitali kubwa walipitisha mpira mwembamba mdomoni hadi kwenye mfereji, wakakitoa kijiwe bila kisu. Siku ya tano nilikuwa nyumbani nakunywa uji.

Watu wa kanisani walinipongeza kwa kupona. Lakini nilikuwa nimepewa kitu kilichokuwa cha mtu mwingine, kimechelewa njiani miaka mingi, na mwenyewe sijui nimpelekee wapi.

Juzi nilimwomba Mwende anipeleke kwa susu. Nyumba haipo, umebaki mstari wa mawe ya msingi na pale palipokuwa mlango pameota nyasi. Ghala halipo. Jiwe la baba lipo. Nilipokuwa mama wa watoto wadogo niliwahi kupapima, nikapata hatua tisa, nikasikitika, nikaona pamesinyaa. Sasa magoti yangu hayakunjuki vizuri, natembea kwa vipande. Nilianzia mlangoni, Mwende akinishika kiwiko, nikahesabu. Zilikuwa kumi na nne.

Nilifika kwenye jiwe nikasimama, nikiwa nimebeba neno lote la Jumamosi ile, mpaka Mwende akaniuliza kama nimechoka.